Maji ya Uani

"Hii ni nini?"

"Ni miguu."

"Naona ni miguu, mama. Nauliza mbona bado iko hivi."

Shangazi alikuwa amepiga magoti kwenye saruji ya ua wa nyuma wa kanisa, mikono imezama ndani ya beseni, na ndani ya beseni ilikuwa miguu ya baba yangu. Povu lilikuwa jeupe. Taulo iliyoning'inia begani kwa shangazi ilikuwa nyeupe. Miguu peke yake ndiyo iliyogoma. Kuanzia kwenye vidole hadi chini kidogo ya magoti ilikuwa na rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni, na pale juu rangi ilikatika ghafla kwa mstari ulionyooka, kama mtu aliyeshikwa kwapani akachovywa.

"Imetakata," shangazi akasema. "Hiyo ni rangi tu. Rangi si uchafu."

Mzee Ratiba, aliyekuwa akimhoji, akainama kidogo, akaitazama miguu ya baba kama mtu anayetazama nyama asiyokuwa na hakika nayo. Jina hilo tulimpa sisi vijana wa kwaya. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ibada, na hata alipokuwa akiomba alifumba jicho moja tu. La pili lilibaki kwenye saa.

"Kwenye picha utaonekana uchafu," akasema.

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya jiko la mkaa, shairi langu limekunjwa mfukoni mwa shati jipya. Nilikuwa na hasira. Naomba hilo lieleweke mapema, maana wapo watakaosoma haya wakisubiri nifike mahali niseme hasira ilinitoka, nikalia, nikaimba. Sikuimba.

Kanisani kwetu, kila Alhamisi kabla ya Pasaka, mchungaji hupiga magoti mbele ya waumini kumi na wawili na kuwaosha miguu. Ndiyo ibada inayojaza watu kuliko zote. Wazee hutokwa na machozi. Watoto hupanda juu ya mabenchi waone mtu mkubwa akiwa chini. Mchungaji hubeba birika la shaba lililong'arishwa hadi unajiona meno, humimina matone machache juu ya kila mguu, hufuta kwa taulo iliyopigwa pasi, halafu husema maneno mazuri juu ya mtumishi na bwana. Mazuri kweli. Sibishani na maneno.

Ninachobishana nacho kilikuwa nyuma, uani. Inasemekana mchungaji aliyetangulia aliwahi kupiga magoti mbele ya mkulima aliyekuja moja kwa moja kutoka shambani, na harufu ikampanda puani katikati ya sala. Akapiga chafya, birika likamponyoka, kwaya ikacheka. Tangu siku hiyo kamati ikaamua kuwe na maandalizi. Kwa hiyo saa chache kabla ya ibada wale kumi na wawili hupitia mlango wa nyuma, huketi kwenye kiti cha plastiki chini ya upenu, na hapo ndipo miguu yao huoshwa. Kwa maji ya moto, sabuni, brashi, jiwe la kusugulia visigino, na wembe kwa ajili ya kucha. Kisha huvaa viatu, huzunguka, huingia kwa mlango wa mbele wakiimba, huvua viatu, na kuoshwa.

Waliofanya kazi ile ya nyuma walikuwa wawili: shangazi, dada mkubwa wa baba, na ajuza mmoja tuliyemwita Bibi Brashi. Mwaka baada ya mwaka. Matope, vidonda, kucha zilizooza, yote yalipita mikononi mwao, na yalipokwisha, wimbo ulikuwa umeshaanza ndani na wao wakabaki nje wakikamua matambara. Hakuna aliyelificha jambo hili. Hakuna aliyeliona vibaya pia. Tulilijua kama tunavyojua kwamba chakula cha harusini kimepikwa na mtu, nasi tukala.

Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha ngozi. Kazi yake ilikuwa kuzigeuza ngozi za ng'ombe kwa ndoano ndefu ndani ya matangi ya maji ya magome, yale magome yanayosagwa na kulowekwa ili ngozi isioze. Maji hayo hayafanyi mzaha. Yanageuza ngozi ya ng'ombe kuwa mkoba, sembuse mguu wa mtu. Buti za mpira walizopewa zilianza kuvuja upesi. Msimamizi akasema nyingine zinakuja. Bado zinakuja.

Shuleni waliniita Ngozi. Mwanzoni nilipigana. Baadaye nikaokota kurasa za mashairi katika magazeti ya zamani, nikahesabu mizani kwa vidole peke yangu, bila mwalimu, mpaka nikaujua mchezo, na nikagundua kwamba ngumi hupoa lakini ubeti wenye vina huimbwa na shule nzima hadi likizo. Nilijifunza kumtukana mtu kwa mizani kumi na sita kabla sijajifunza kumsifu. Sina aibu na hilo. Walioniita Ngozi waliacha.

Mama ndiye pekee aliyeigusa miguu ile. Kila Jumamosi alimkalisha baba kizingitini, akaiweka mapajani kwake, akaipaka mafuta kwenye nyufa, moja baada ya nyingine, huku akimsimanga kwa sauti ili majirani wasikie.

"Wenzangu wameolewa na wanaume. Mimi nimeolewa na mkoba."

"Mkoba haurudi nyumbani na mshahara," baba angesema.

"Na wewe hurudi nao?"

Walicheka wote wawili. Kuhusu ile rangi baba alikuwa na mzaha wake mmoja aliourudia miaka yote: kwamba amebahatika, amevaa soksi ambazo mwizi hawezi kuziiba.

Mama alifariki nikiwa darasa la mwisho. Tangu hapo hakuna mkono wa mtu mwingine ulioigusa miguu ya baba, na baba hakuutafuta. Kanisani alihamia benchi la mwisho, lile lililo karibu na mlango. "Ili upepo upite kwangu kwanza," alisema, na hakuwa akitania.

Kisha mwaka ule kura ikamwangukia. Majina yalikuwa yamewekwa kwenye kapu, katekista akazamisha mkono akatoa moja moja, na jina la mwisho likawa la baba. Shangazi akapiga kigelegele kilichomshtua hata mchungaji. Kanisa zima likageuka nyuma kutazama benchi la mwisho. Baba akasimama, akakaa, akasimama tena, hakujua afanye lipi.

Siku zilizofuata, kila alipotoka kazini, alikaa kizingitini palepale na ndoo ya maji. Alijaribu limau. Akajaribu majivu, mchanga, mafuta ya taa. Siku moja nikamkuta na kipande cha tofali, anasugua kisigino, na maji ya ndoo yameanza kuwa mekundu. Nikampokonya.

"Baba, unafanya nini?"

"Najiandaa."

"Unaosha miguu ili ikaoshwe?"

"Mgeni akija, hufagii?"

"Mgeni ni wewe, Baba! Wao ndio wafagie!"

Akanyoosha mkono. Sikumpa tofali. Akaitazama miguu yake, halafu akasema kwa sauti ya chini, kama anayeongea nayo: "Nisije nikamchafulia taulo. Ni hilo tu. Nataka mtu anishike mguu, amalize, na taulo ibaki nyeupe."

Ndipo nilipoelewa anachotaka, na kilikuwa kidogo mno hata kikanitia uchungu. Hakutaka kuheshimiwa. Alitaka kushikwa na mkono wa mtu asiyeona kinyaa, mara moja, mbele ya wale waliozoea kukaa mbali na benchi lake. Nikalitupa lile tofali nyuma ya choo.

Sasa rudi uani, pale Mzee Ratiba alipokuwa ameinama.

"Leo askofu yupo," akasema, akinyooka na kushika kiuno. "Kuna watu wa video. Watu watasema hatukumwandaa."

"Tumemwandaa," Bibi Brashi akasema kutoka kwenye kona yake. "Nimetumia brashi mbili. Nikitumia ya tatu tutafika kwenye mfupa."

"Basi..." Mzee Ratiba akatafuta njia, nami nikaona kabisa jinsi alivyojiona mtu mwenye huruma. "Basi avae soksi. Soksi nyeupe."

Bibi Brashi akacheka hadi akakohoa. "Soksi zioshwe?"

"Zinyunyiziwe."

Baba akainua mguu mmoja kutoka kwenye maji, ukachuruzika. "Soksi ninazo tayari," akasema. "Hizi mwizi haziwezi."

Hakuna aliyecheka. Ulikuwa mzaha wa kizingitini, wa Jumamosi, na mtu aliyeujua alikuwa kaburini. Mzee Ratiba akaitazama karatasi yake.

"Mzee mwenzangu, usinielewe vibaya. Mwakani, Mungu akipenda. Leo nafasi yako tumpe mwenye duka la dawa, yuko pale nje, amekubali."

Amekubali! Mtu anakubali kuoshwa miguu kama anayekubali kubeba jiwe. Nikamwona yule bwana mlangoni, tayari ameshavua viatu, miguu yake myeupe na laini kama mkate ambao haujaingia tanurini. Hakuhitaji hata kupitia kwa shangazi.

"Sawa," baba akasema.

Ile sawa yake ilinichoma kuliko soksi. Ningependa angerusha beseni. Ningependa angemshika Mzee Ratiba kola, amwulize ni ngozi ya nani iliyotengeneza kile kiatu anachokanyagia watu. Alisema sawa, akaanza kujifuta mwenyewe.

"Si sawa!" nikasema. "Kura imeangukia kwake. Mliipiga mbele ya watu na mbele ya Mungu. Au Mungu naye mlimwandaa huku nyuma?"

"Kijana, punguza sauti."

"Nipunguze kwa nini? Kwenye video haitasikika vizuri?"

"Malenga wetu," Mzee Ratiba akasema kwa upole wa kukera, akinigusa bega, "wewe ni baada ya wimbo wa pili. Shairi umelileta? Uko tayari?"

Tayari. Neno hilo ndilo lililokuwa kichwa cha ibada siku hiyo. Walikuwa wamelikata kwa karatasi za kung'aa, TUWE TAYARI, likabandikwa kwenye kitambaa kirefu juu ya mimbari, kwa sababu mahubiri yalihusu ujio wa Bwana. Nami nilikuwa nimeombwa shairi juu ya neno hilohilo. Nilikuwa nimelifanyia kazi kama fundi wa saa, nikiondoa silabi hii na kuweka ile. Lilianza hivi:

Atakapokuja Bwana, mlango uwe u wazi,
Asikute tumenuna, tumelala usingizi.

Nilijivunia mistari ile. Sasa ilikuwa mfukoni mwangu inaniwasha.

Nikaenda kwa mchungaji. Chumba cha mavazi kilikuwa kidogo, kina harufu ya nguo zilizopigwa pasi, na mchungaji alikuwa amepiga magoti katikati ya sakafu peke yake. Nikadhani anasali, nikasita. Kumbe anafanya mazoezi. Aliinuka akishikilia kiti, akajipapasa goti, akapiga magoti tena, akasogeza kimto chembamba kilichoshonewa ndani ya joho lake mahali pa goti.

"Karibu, mwanangu. Goti hili litaniumbua leo."

"Mchungaji, baba yangu wamemwondoa."

"Ndiyo, nimeambiwa. Hajisikii vizuri. Pole."

"Anajisikia vizuri kabisa. Miguu yake ndiyo inayowaumiza wengine."

Akanitazama. Alikuwa na macho mapole yule mtu, na hilo ndilo lililonishinda; ukimkasirikia ni kama unampiga teke mtoto. Nikamweleza yote, kuhusu kura, rangi, soksi, mwenye duka la dawa. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akatazama mlangoni, ambako wimbo wa kuingilia ulikuwa unajaribiwa, na nikamwona akipima: huku askofu, video, kamati, huku mtu mmoja wa benchi la mwisho. Hakuchukua muda mrefu kupima.

"Umefanya vyema kuniambia," akasema. "Baada ya ibada tutakaa, tulizungumze kwa utulivu. Sasa hivi, mwanangu, ni lazima tuwe tayari."

"Tuwe tayari kwa nani?"

Alidhani ni swali la kawaida. "Kwa askofu. Gari lake limeshafika getini."

Nikatoka bila kuaga.

Nilipewa kiti cha mbele, karibu na kwaya, ili nisichukue muda nikiitwa. Wimbo wa kwanza ukaimbwa. Wale kumi na wawili wakaingia wakitembea kwa madaha, mwenye duka la dawa akiwa wa mwisho, pale baba alipopaswa kuwa. Wakavua viatu. Miguu yote ilikuwa inameremeta. Mchungaji akapiga magoti juu ya kimto chake cha siri, kanisa likashusha pumzi, na birika la shaba likaanza kudondosha matone yake juu ya miguu iliyokwisha kuoshwa na wanawake wawili ambao hawakuwa humo ndani.

Picha ya dakika ile imetundikwa ofisini kwa kanisa hadi leo. Mchungaji ameinama, mkono wake umeshika mguu laini wa mwenye duka la dawa, taulo nyeupe pe. Chini wameandika: Unyenyekevu. Kila ninapokwenda pale kuomba cheti au barua naitazama, na kila mara naona kitu ambacho hakimo.

Kitini pale nilikuwa sisikilizi wimbo. Nilikuwa natunga. Lile shairi la mfukoni nililitupilia mbali kichwani mwangu, nikaanza jipya, la papo kwa papo, la vina vikali, ubeti mmoja kwa Mzee Ratiba, mmoja kwa mwenye duka la dawa, na wa mwisho, mrefu kuliko yote, kwa kile kimto. Ningepanda mimbarini, nishike kipaza sauti, niwavue nguo mbele ya askofu wao na video yao. Nilijaa furaha mbaya. Mizani ilikuwa inaingia yenyewe, bila vidole.

Nikageuka nyuma kumtafuta baba. Nilitaka ayaone. Nilitaka siku ile moja ainue kichwa kutoka benchi la mwisho, aone mwanawe akimlipizia.

Benchi la mwisho lilikuwa tupu.

Nikafikiri ameondoka. Nikamwona akilini akitembea peke yake hadi nyumbani, viatu mkononi. Nikainuka nikiwa nimejiinamia, nikapita pembeni mwa kwaya, nikatokea mlango wa nyuma.

Nilisikia sauti ya shangazi kabla sijawaona.

"Taratibu, wewe! Mimi si ngozi ya ng'ombe!"

Shangazi alikuwa kwenye kiti cha plastiki. Baba ndiye aliyekuwa amepiga magoti kwenye saruji, hana viatu, suruali imekunjwa, miguu yake ya rangi ya chai imenyooka nyuma yake. Alikuwa ameshika mguu wa dada yake na kuusugua kwa brashi kwa nguvu zote za mikono ya mtu wa kiwandani. Hakuwa na sura ya mtakatifu. Taya zake zilikuwa zimebana, mshipa umesimama shingoni, na maji yalikuwa yanaruka hadi kwenye shati lake la Jumapili. Maisha yangu yote sikuwahi kumwona baba akiwa na hasira. Siku ile niliiona, na nikaijua mara moja, kwa sababu ilikuwa ileile yangu. Nilikuwa nimedhani niliitoa kwa mama.

"Baba," nikasema.

Hakuinua kichwa. "Wameosha watu miaka yote hii," akasema kwa meno yaliyofungana. "Wamewahi kuoshwa?"

Bibi Brashi, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akisubiri zamu, akainua mguu wake mmoja. "Mimi nina visigino vya kukwangulia masufuria. Jiandae."

Baba hakucheka. Ila brashi ikapunguza kasi. Akaiweka chini. Akaendelea kwa viganja, polepole, akipitisha kidole gumba kwenye nyufa za kisigino cha dada yake, moja baada ya nyingine, nami nikajua alijifunza wapi kufanya vile. Shangazi, mwanamke aliyekuwa na neno kwa kila mtu, akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Kumbe ni ya moto hivi?" akasema baadaye.

Alikuwa anazungumzia maji aliyoyachemsha mwenyewe.

Ndani, wimbo wa pili ukaisha. Spika iliyokuwa juu ya ukuta wa nje ikakoroma, na sauti ya katekista ikatujia hadi uani: "Sasa tunamkaribisha malenga wetu, kijana wetu, atupe shairi. Karibu."

Makofi yakapigwa. Nikashika mfuko wa shati. Yale mashairi mawili, lililoandikwa na lisiloandikwa, yote yalikuwa tayari. La kwanza lilisema mtu akiitwa awe macho. La pili lingewachoma hata wajukuu wao. Nilitaka kwenda. Nasema kweli, nilitaka sana.

"Dada, inua mguu," baba akasema. "Maji yanapoa."

Birika kubwa lilikuwa jikoni kwenye mkaa, linafuka. Hapakuwa na mtu mwingine mwenye mikono mitupu. Nikalichukua kwa tambara, nikalimimina taratibu pembeni mwa beseni nisimwunguze shangazi, nikarudi bombani, nikalijaza tena, nikalitia motoni. Nilifanya yote hayo nikiwa nimenuna kuliko mtu yeyote aliyewahi kubeba birika.

"Malenga wetu?" spika ikasema.

Shangazi akawa ameoshwa, akainuka akikanyaga saruji kwa kujali, kama miguu ni mipya. Bibi Brashi akaketi, na visigino vyake vilikuwa kama alivyotuahidi. Baba alikuwa katikati ya kazi hiyo mlango ulipofunguliwa, akatoka Mzee Ratiba, mbio mbio, jasho kwenye paji la uso.

"Uko hapa! Watu wamekaa, askofu anatazama dari. Na maji ya moto yako wapi, askofu anataka kunawa. Yamekwisha?"

"Yametumika," shangazi akasema.

Ndipo akaona. Akamwona baba chini, Bibi Brashi juu, beseni, povu. Akafungua karatasi yake, akaitazama kweli kabisa, juu hadi chini.

"Hii nani kaiweka kwenye ratiba?"

Baba akamalizia kukausha kidole kidogo cha Bibi Brashi, kisha akamgeukia. Ile hasira bado ilikuwa usoni, haikuwa imeenda popote. "Huyu akitoka, kiti kitakuwa kitupu," akamwambia. "Ukitaka, kaa."

Sikutegemea Mzee Ratiba asite. Alisita. Alitazama viatu vyake vyeusi vilivyopigwa rangi, akatazama mikono ya baba, mkono wake ukashuka kidogo kuelekea kwenye kamba za kiatu. Kwa kitambo kidogo alikuwa mtu mzima aliyechoka, aliyekuwa amesimama tangu alfajiri. Kisha akamsogelea baba, akanong'ona, ila sote tulisikia.

"Soksi yangu imetoboka."

Bibi Brashi akaanza kutikisika mabega. Mimi nikauma mdomo kwa ndani, maana sikutaka kabisa, nasema sikutaka, mtu yule anichekeshe.

"Soksi si inavuliwa?" baba akasema. "Tutaitupa kando."

Lakini spika ikaita tena, safari hii ikimwita yeye, mwenyekiti wa kamati, kuna jambo la haraka, na Mzee Ratiba akashtuka kama aliyeamshwa, akakunja karatasi, akaingia ndani. Mlango ukajifunga nyuma yake. Sikumsamehe. Angeweza kukaa. Kiti kilikuwepo.

Bibi Brashi alipoinuka baba hakuinuka. Alimwaga maji machafu kwenye mfereji, akasuuza beseni, akaliweka mbele ya kiti palepale, akagonga plastiki ya kiti kwa kiganja.

"Wewe."

"Mimi sijachafuka, Baba."

"Nani kakuuliza?"

Nilikuwa na viatu vipya, nilivinunua kwa ajili ya mimbari. Nikakaa. Nikavua kimoja, nikavua soksi, nikaingiza mguu. Shangazi akamimina. Ni kweli yalikuwa ya moto. Mkono wa baba ukashika kisigino changu, mgumu kama gome, na nikaikumbuka miguu yake kizingitini, na tofali, na taulo aliyoogopa kuichafua. Nikataka kumwambia ampe mtu mwingine zamu amuoshe yeye, kwamba ni yeye kura ilimwangukia. Lakini shangazi alikuwa ameshasimama nyuma yake na taulo, anakunja mikono ya gauni, anasubiri amalize.

"Kwa mara ya mwisho," spika ikasema, nayo ilikuwa imechoka, "tunamwita malenga wetu, kama yuko tayari."

"Unaitwa," baba akasema.

"Nasikia."

"Uko tayari?"

Nikatazama chini.

"Bado mguu mmoja," nikamwambia.